Unga, Kadiri Donge Litakavyokubali

Wiki hii nimeandikiwa tena. Dada mmoja aliyeolewa na Mgiriki, na ambaye sasa anaishi Ujerumani, ananiomba nimtumie mapishi halisi ya melomakarona, zile biskuti za Krismasi za Kigiriki zinazochovywa katika shira ya asali, kwa gramu, pamoja na maneno kamili ya kalanda ya asili ya visiwani, yaani nyimbo ambazo watoto hupita nazo mlango kwa mlango, ili wanawe wakue wakiijua Krismasi ya babu yao. Ombi lake ni la heshima na nia yake ni njema, lakini hii ni barua ya nne ya namna hiyo tangu Novemba ianze, na zote zimesimama juu ya imani moja ambayo nimechoka kuijibu faraghani: kwamba mahali fulani yako mapishi yaliyokamilika na uko wimbo uliokamilika, na kwamba mtu akishavinakili viwili hivyo, jadi imesalimika.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimeishi Naxos, kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegean, kwa miaka 19, nikioka mkate kila alfajiri katika tanuri ya familia ya mume wangu, na kila majira ya baridi nasaidia kuwafundisha watoto wa mtaa wetu kalanda.

Niyaondoe kwanza yale madogo ambayo huulizwa pamoja na hilo. Kanisa la Ugiriki lilibadili kalenda mwaka 1924, kwa hiyo Krismasi yao ni tarehe 25 Disemba, wala si 7 Januari, isipokuwa kwa watawa wa Mlima Athos na kwa waumini wachache walioshikilia kalenda ya zamani. Anayewaletea watoto zawadi ni Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria aliyefariki mwaka 379, naye huja tarehe 1 Januari, siku ya sikukuu yake. Mti wa Krismasi uliingia na watu wa Mfalme Otto, aliyetoka Bavaria, katika miaka ya 1830. Visiwani kilichopambwa ni mashua, ile ndogo ambayo watoto waliibeba mkononi wakienda mlango kwa mlango, na hadi leo mjini Chios, tarehe 31 Disemba, vikundi vya mitaa hushindanisha meli kubwa za mfano walizoziunda wenyewe, huku wakiimba. Hayo yanatosha.

Sasa nije kwenye unga. Katika daftari la mama mkwe wangu, lililojaa madoa ya mafuta, mapishi ya melomakarona yana mistari michache: mafuta ya zeituni vikombe viwili, maji ya machungwa kikombe kimoja, brandi kikombe kidogo cha kahawa, mdalasini, karafuu iliyosagwa, semolina kidogo, na mwishoni maneno matatu ambayo kila mwanamke wa Ugiriki aliyewahi kuandika mapishi ameyaandika: «alevri oso pari», yaani unga, kadiri donge litakavyokubali. Wageni huyasoma maneno hayo wakadhani ni uvivu wa vikongwe, au ni siri ambayo mama mkwe hataki kumwachia mkwe. Nimewahi kusikia yote mawili, na yote mawili hunikera, kwa sababu maneno yale ndiyo kipimo sahihi kuliko vyote vilivyomo katika ukurasa ule.

Machungwa ya mwanzo wa Disemba hayana maji sawa na ya mwisho wa Disemba. Mafuta mapya, yaliyokamuliwa mwezi uliopita, ni mazito na hubeba unga tofauti na mafuta ya mwaka jana. Unga uliokaa ghalani wakati upepo wa kusini unavuma, ule upepo wa chumvi unaolowesha hata mashuka kambani, hushika maji kidogo kuliko unga wa siku kavu ya kaskazini. Mimi, kwa vipimo vilevile vya mafuta na machungwa, nimewahi kutumia kilo moja ya unga, na nimewahi kutumia kilo moja na robo, na mara zote mbili donge lilikuwa lilelile mkononi. Anayeniomba gramu ananiomba nimwandikie hali ya hewa ya kwake.

Mkono nao hufundishwa polepole. Mwaka wangu wa kwanza nililikanda donge kama la chapati, kwa uzito wa mabega, kama nilivyofundishwa na mama yangu, na baada ya dakika tano mafuta yakaanza kujitenga na kung'aa juu ya vidole vyangu, kisha donge zima likakatika kama mchanga mbichi. Mama mkwe akanishika kifundo cha mkono na kukisimamisha. Hakusema neno. Akamimina maji ya machungwa yaliyobaki, akatia mkono wake chini ya donge, akalikunja juu ya unga mara sita au saba tu kama mtu anayekunja nguo za mtoto, akaacha. Donge la melomakarona halikandwi. Hukunjwa mpaka unga mkavu usionekane, na hapo mikono inatolewa. Ukiendelea, biskuti itakuwa ngumu na haitanywa shira.

Kwenye shira, msomaji wa pwani hahitaji mwalimu, kwa kuwa aliyepika kaimati anajua kwamba kimojawapo lazima kiwe baridi. Sisi tunachovya biskuti ya moto katika shira iliyopoa. Asali, ambayo huku ni ya maua ya zaatari pori, inatiwa baada ya sufuria kuepuliwa ili harufu yake isipotee. Mama mkwe hakuwa na saa jikoni: alizichovya biskuti na kuimba ubeti mmoja wa kalanda, akazigeuza, akaimba wa pili, akazitoa. Nami hufanya hivyohivyo, ingawa wasaidizi wangu wa siku hizi hutazama simu.

Lipo jambo moja ambalo sitalikubali hata kidogo, nalo ni siagi. Kila mwaka naona melomakarona za siagi zikiuzwa na kusifiwa kwamba ni «tamu zaidi», na kila mwaka mtu huniuliza kwa nini na mimi sitii. Tangu tarehe 15 Novemba hadi 24 Disemba waumini hufunga siku 40: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai, hakuna siagi. Melomakarona ni kitu kitamu kilichobuniwa ndani ya mfungo, kwa vile vilivyobaki halali: mafuta ya zeituni, machungwa, asali, jozi. Siagi inangoja kourabiedes, zile nyeupe za lozi na maji ya waridi zilizofunikwa kwa sukari ya unga, ambazo watu wa Unguja wakizionja husema ni binamu wa vileja. Zinaokwa kabla ya sikukuu, zikapangwa sahani moja mkabala na melomakarona, lakini katika nyumba inayofunga hakuna anayezigusa mpaka watu warudi kanisani asubuhi ya Krismasi. Sahani mbili hizo, moja ya kahawia na moja nyeupe, ni mfungo na mfunguo vikiwa vimekaa bega kwa bega mezani. Anayetia siagi katika zote mbili ameoka biskuti mbili nzuri, na amewanyima wanawe hadithi yote.

Mkate wa Kristo nitaupita haraka: hukandwa mkesha wa Krismasi, huwekwa msalaba wa donge juu yake na jozi nzima yenye ganda katikati, kisha mapambo ya kazi ya nyumba ile, jembe kwa mkulima, mashua kwa mvuvi. Naomba tu mwone kwamba hata hapo, anayeoka lazima kwanza ajue anamwokea nani.

Na wimbo ni hivyohivyo. Wagiriki hawasemi «kuimba kalanda»; kitenzi chao ni kusema. Watoto hubisha hodi mikesha mitatu, ya Krismasi, ya Mwaka Mpya na ya Epifania, wakiwa na pembetatu ndogo ya chuma ya kugonga mkononi, na swali lao ni moja: «Tuyaseme?» Mwenye nyumba ana haki ya kujibu kwamba wengine wamekwisha kumwambia. Kalanda ni maneno anayoambiwa mtu fulani, mlangoni pake. Salamu ya kwanza yenyewe hubadilika na jua: asubuhi watoto huwatakia waungwana siku njema, na jua likizama huwatakia jioni njema. Kisha hufuata beti za kuzaliwa Kristo, ambazo hazibadiliki sana. Baada ya hapo ndipo jadi ya visiwani inapoanza kazi yake: sifa za mwenye nyumba, za mkewe, za binti, za kijana aliye baharini. Kwetu Naxos, hasa katika vijiji vya mlimani kama Apeiranthos, watu hutunga beti fupi za mizani nane zenye vina, waziitazo kotsakia. Krete na Karpathos wana mantinades, mishororo miwili ya mizani kumi na tano kila mmoja. Fidla na laouto, ambaye ni ndugu wa udi wetu, hufuata popote beti inapokwenda, na tsambouna, zumari la ngozi ya mbuzi, hufuata vilevile ingawa lina sauti chache mno. Msomaji aliyewahi kuona mtunzi akimwimbia bwana harusi papo kwa papo ataelewa mara moja.

Kwa hiyo ninapoombwa «maneno kamili», nashindwa nianzie wapi. Nusu ya wimbo haijatungwa bado, kwa sababu mlango haujafunguliwa.

Kibaya ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilohilo. Mwaka wangu wa tano wa kufundisha, nilimrekodi mzee mmoja aliyekuwa na beti nzuri kupita zote nilizowahi kusikia, nikaziandika, nikazichapisha kwenye karatasi, nikawagawia watoto. Walizikariri bila kosa. Mkesha wa Mwaka Mpya tukafika kwa mvuvi wa mtaa wa chini, na watoto wakamwimbia ubeti wa mashua: jinsi inavyokata mawimbi, jinsi inavyomrudisha nyumbani na samaki. Mashua ile ilikuwa imevunjwa miezi mitatu kabla. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umewalipa wavuvi ili warudishe leseni zao na kupunguza uvuvi, na katika Ugiriki maelfu ya mashua za mbao yaliishia kupondwa na mashine za kuchimbia. Ya kwake ilipondwa ufukweni, mbele ya macho yake. Kila mtu mtaani alijua, na watoto walijua pia, lakini karatasi haikujua. Alisikiliza mpaka mwisho, akawapa sarafu, akafunga mlango bila kutamka yale maneno ambayo hutamkwa daima, «na mwaka ujao».

Sitaki kuilaumu karatasi kupita kiasi, na hapa ndipo penye mashaka yangu ambayo sijayatatua. Bila karatasi na simu, lahani ya mtaa wetu ingekuwa imekwisha kumezwa na ile moja inayofundishwa shuleni na kupigwa redioni nchi nzima. Watoto wangu hawana bibi wa kuwaimbia jikoni kila siku. Na katika tanuri yangu nina mizani, kwa kuwa msaidizi wa miezi miwili hawezi kungoja mkono wake ukomae ndipo aanze kazi. Nampimia kilo moja, kisha nasimama karibu naye kwa ile robo iliyobaki. Pengine hicho ndicho ninachokifanya na wimbo pia, lakini kuna miaka ambayo robo ile haifiki, na watoto huondoka na kilo tu.

Dada yangu wa Ujerumani, hili ndilo jibu lako. Vipimo vya mama mkwe viko hapo juu; tumia unga wa huko na machungwa ya huko, tia unga kidogokidogo, na uache kabla hujahisi kwamba umemaliza. Wafundishe wanao salamu na beti za kuzaliwa Kristo kwa lahani ya kisiwa cha babu yao, na umwombe babu mwenyewe awaimbie kwa simu, hata akikosea. Sehemu ya sifa waitunge wao, kwa lugha yoyote wanayoijua vizuri, kwa ajili ya jirani wa ghorofa ya juu ambaye wanamfahamu kwa jina na kwa kazi yake. Kisha wampelekee sahani.

Mwaka uliofuata baada ya mkasa wa mashua, msichana mmoja wa miaka kumi aliniuliza kabla hatujatoka: yule mzee mvuvi siku hizi anafanya nini? Nikamwambia anashinda uani kwake na milimau yake. Akanyamaza njia nzima. Tulipofika, wenzake walipomaliza beti za Basili, alitangulia hatua moja akasema ubeti wake, ambao kwa Kiswahili naweza kuuweka hivi:

Malimau ya uani
yanukia hadi pwani.

Mzee aliingia ndani, tukadhani basi. Akarudi na ndoo ya malimau, akawapa wote, akasema, «Na mwaka ujao.» Msichana yule sasa ana miaka kumi na saba na ndiye anayewatangulia wadogo. Jumamosi alipita hapa tanurini kununua mkate, akaniuliza ni nyumba zipi zenye msiba mwaka huu, maana huko hatubishi hodi, na akaziandika kwenye kiganja chake.