"Huyu ni mpole": maneno ya tabia ya farasi na vile watu huyachanganya

Hapa Nakuru wengi wetu tumezoea punda wa mkokoteni wa maji, farasi tunamwona sikukuu watoto wakipandishwa wapigwe picha, sasa ukisikia mtu wa huko Njoro akisema farasi wake ni damu moto unaweza dhani mnyama ana homa. Hapana. Farasi yeyote mzima joto lake ni kama digrii 38 hivi, awe wa mbio ama wa kuvuta magogo. Damu moto ni wale wa asili ya wepesi, wanashtuka haraka na kukasirika haraka, kama farasi wa Kiarabu na Thoroughbred, huyo wa mbio za Ngong Racecourse. Damu baridi ni yale majitu ya Ulaya kama Shire na Percheron, yalizalishwa kuvuta jembe na mizigo, hayana haraka na mtu. Katikati kuna damu vuguvugu, kama Hanoverian wa Ujerumani.

Hiyo ni tabia ya kuzaliwa nayo. Kuitikia, yaani vile anajibu ukimwambia simama ama twende, ni kitu ingine kabisa. Chukua nduthi mbili, moja ukigusa breki kidogo tu imesimama, ingine mpaka ukanyage na nguvu zote na bado inateleza. Farasi wa mdomo laini ni ile ya kwanza, unafinya hatamu na vidole, chuma cha mdomoni kinasonga kidogo, ameshaelewa. Wa mdomo mgumu unavuta mpaka mabega yanauma na yeye anaenda tu.

Na mara nyingi hakuzaliwa hivyo, ni mikono ya watu imemfanya. Farasi hufunzwa kwa kugusa na kuachilia, yaani unamgusa, anajibu, unaachilia papo hapo, na kule kuachilia ndiko kunamwambia amefanya sawa. Sasa wewe ukikaa umevuta tu, anajifunza kuvutwa hakuna maana yoyote, kama mtoto ameitwa "we!" tangu asubuhi mpaka hageuki tena. Mbavu, pale unamgusa na visigino aende, pia hufa ganzi vivyo hivyo. Yule wa sikukuu anapigwa visigino na kila mtoto, amesimama anasinzia, watu wanasema huyu ni mpole. Mimi naona amechoka kusikiliza tu, maana huyohuyo karatasi ikipeperuka miguuni anaweza ruka vizuri sana na breki hana.

Ukisikia farasi mbichi, ni kama ndizi, hajaiva, yaani mafunzo bado, hata kama ana miaka kumi. Mwenye moyo wa kwenda ni yule husukumi, na si lazima awe mkali.

Kwa hivyo ukiambiwa "panda tu, huyu hana shida", mwambie mwenyewe apande kwanza halafu angalia anamsimamisha na nini, vidole ama bega lote.