Mbaruti ni mmea gani?

Mbaruti ni mmea wa miiba na maua ya njano unaoota kando ya barabara, mashambani na kwenye malisho yaliyochungwa kupita kiasi hadi ardhi ikabaki tupu. Kitaalamu huitwa Argemone mexicana, na asili yake ni Meksiko na maeneo ya jirani. Umeenea Afrika Mashariki hata wengi hudhani ni wa hapahapa. Ni gugu vamizi: umetoka mbali, unazaliana bila kupandwa, na unabana mazao na nyasi.

Majani yake ni ya kijani kinachoelekea buluu, yana mishipa myeupe, na kila ncha ya ukingo ina mwiba. Ukivunja shina, utomvu wa njano hutoka papo hapo. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu mchunga, unaochumwa kwa mboga, hutoa utomvu mweupe. Mtoto anayetumwa kuchuma mboga afundishwe tofauti hiyo kabla ya kitu kingine.

Hatari kubwa imo kwenye mbegu. Tunda lake lenye miiba hukauka, hufunguka juu na kumwaga mbegu ndogo nyeusi za mviringo zinazofanana sana na haradali. Mwaka 1998, mjini Delhi, India, mafuta ya haradali yalichanganyika na mafuta ya mbegu hizi. Watu walivimba miguu, wengine mioyo ikashindwa kufanya kazi, na zaidi ya 60 walikufa. Sumu yenyewe ni sanguinarini, na imo pia kwenye utomvu, kwa hiyo usiupake machoni hata ukiambiwa ni dawa.

Wapo wanaouacha uani kwa uzuri wa ua lake. Ukiuacha, kata kila ua linaponyauka, kabla tunda halijakomaa. Mimi nasema uung'oe. Vaa glovu, subiri udongo uwe na unyevu, utoe pamoja na mzizi mkuu. Ulioanza kuzaa usiufyeke wala kuutupa kwenye samadi. Ufunge mfukoni, kisha uuchome. Mbegu hukaa udongoni miaka mingi, basi rudi kukagua kila mvua zinapoanza. Mahali ulipoung'oa pasibaki wazi: panda kunde au tandaza majani makavu, maana miche ya mbaruti hustawi penye ardhi tupu na jua.