Telesfori, jina la Kigiriki lililowakimbia Wagiriki

Ukilitaja jina Telesfori Morogoro, hakuna atakayekukodolea macho. Jimbo Katoliki la Morogoro liliongozwa na Askofu Telesphor Mkude tangu mwaka 1993 hadi alipostaafu mwaka 2020, na kabla ya hapo alikuwa Askofu wa Tanga. Huko Ranchi, India, Kanisa lilikuwa na Kardinali Telesphore Toppo. Quebec, Kanada, kuna manispaa nzima inayoitwa Saint-Télesphore. Lakini nenda Athens uulizie Telesforos. Utawapata akina Yorgos, Dimitris na Kostas mpaka uchoke, na huyo unayemtafuta usimwone. Kwa jina ambalo ni la Kigiriki kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, hili si jambo la kawaida, na yamezuka maelezo mengi ambayo ukiyachunguza hayasimami.

"Ni jina la Kilatini, wamisionari walikuja nalo kutoka Roma."

Maneno haya yanachanganya njia na chimbuko. Roma lilipita tu. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: telos, yaani ukamilifu au mwisho uliokusudiwa, na phero, yaani kubeba au kuzaa. Telesphoros ni mwenye kufikisha jambo ukomo wake, kama shamba linavyofikisha mavuno. Kitenzi chake kimo katika Injili ya Luka 8:14, kwenye mfano wa mpanzi, pale wanaposemwa wale waliosongwa na shughuli na mali hata wasiivishe kitu. Kitenzi tu ndicho kimo. Mtu mwenye jina hilo hayumo katika Biblia, tofauti na Onesmo, ambaye Paulo alimwandikia Filemoni barua kwa ajili yake. Wale wanaodhani jina hili lina undugu na telefoni na televisheni nao watulie: "tele" ya huko ni neno jingine kabisa, la umbali.

"Ni jina la Kikristo tangu mwanzo."

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, na chungu pia.

Karne tatu kabla ya Kristo kuzaliwa, jina hili lilikuwa la askari. Mwaka 313 K.K. Antigonus, mmoja wa majemadari waliogawana milki ya Aleksanda Mkuu, alimtuma jemadari wake Telesphorus na merikebu hadi Peloponnese kuvifukuza vikosi vya adui. Anatajwa pia Telesphorus aliyekuwa mtu wa karibu wa mfalme Lysimachus wa Thrace. Huyu alifanya kosa ambalo wenye ulimi mwepesi hulifanya hadi leo: kwenye karamu ya vinywaji alimtania Arsinoe, mke wa mfalme, kuhusu tabia yake ya kutapika. Mfalme hakucheka. Akaagiza afungiwe kwenye tundu la chuma na kuzungushwa kama mnyama wa porini. Mwanafalsafa Mroma Seneca anasimulia kwamba alikatwa pia pua na masikio, mpaka sura yake ikaacha kuwa ya binadamu. Seneca aliitumia habari hiyo kuonyesha hasira inakoweza kumfikisha mtawala.

Kisha jina likapanda likawa la mungu. Mjini Pergamon, unaoitwa leo Bergama nchini Uturuki, kulikuwa na hekalu kubwa la Asclepius, mungu wa uganga, ambako wagonjwa walilala usiku wakisubiri kuoteshwa dawa. Katika karne ya 2 B.K. anaonekana pembeni mwa Asclepius mtoto mdogo aliyejifunika joho lenye kofia, linalomshuka hadi magotini. Huyo ndiye Telesphoros, msimamizi wa kupona hadi mwisho, yule anayemvusha mgonjwa kutoka nafuu hadi afya kamili. Alichorwa kwenye sarafu za miji mingi ya Asia Ndogo. Wapo wataalamu wanaoshuku kwamba lile joho ni la Wagalatia, watu wa asili ya Kikelti waliohamia eneo hilo karne kadhaa nyuma, na kwamba Wagiriki walimvisha jina lao mungu wa wageni. Ni dhana tu, lakini si ya kupuuza, maana katika visasili vya kale vya Kigiriki mtoto huyu hayumo.

Kwa hiyo Mkristo wa kwanza mashuhuri kuitwa Telesfori alibeba jina lililokuwa likiitwa pia mbele ya sanamu. Wakristo wa karne zile hawakuona taabu. Majina kama Dionisi na Apolo yaliendelea kutumika kanisani bila mtu kuulizwa.

"Papa Telesfori ndiye aliyeanzisha Kwaresima, Misa ya usiku wa Noeli na wimbo wa Utukufu."

Hii ndiyo dhana inayorudiwa zaidi, hata kwenye kalenda za watakatifu zinazobandikwa ukutani. Yote matatu yanatoka kwenye kitabu kimoja, Liber Pontificalis, mkusanyo wa maisha ya mapapa ulioanza kuandikwa katika karne ya 6. Telesfori aliongoza Kanisa la Roma kuanzia mwaka 125 hivi hadi takriban mwaka 137. Kati ya mtu na mwandishi wake kuna miaka kama 400.

Tuanze na Noeli. Kumbukumbu ya kwanza tuliyonayo ya Roma kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba ni ya mwaka 336. Huwezi kuwa na Misa ya usiku wa sikukuu ambayo bado haijawekwa kwenye kalenda. Wimbo wa Utukufu, kwa vile ulifungamanishwa na Misa hiyo hiyo, unaanguka nayo.

Kuhusu Kwaresima, ushahidi unatoka kwa mtu anayemtaja Telesfori kwa jina. Irenaeus, Askofu wa Lyon, alimwandikia Papa Victor barua kwenye miaka ya 190 kuhusu mfungo wa kabla ya Pasaka. Anasema wengine hufunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na wengine huhesabu saa 40. Kama Telesfori angekuwa ameamuru wiki saba, kama kitabu kile kinavyodai, Irenaeus angejua, na asingeandika kana kwamba kila mtu alikuwa na utaratibu wake.

Barua hiyo hiyo inatupa kitu cha hakika, na kwangu mimi kina uzito kuliko zile hadithi tatu. Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya Nisani, mwezi wa Kiyahudi, iangukie siku yoyote ya juma. Roma ilishika Jumapili. Victor alitaka kuwatenga hao wa Asia. Irenaeus akamkumbusha kwamba waliomtangulia, Telesfori akiwemo, hawakuufuata utaratibu wa Asia lakini hawakumfukuza mtu kwa ajili yake. Pia ni Irenaeus anayesema Telesfori alikufa shahidi kwa utukufu, na katika orodha yake ya maaskofu wa Roma baada ya mitume, huyu peke yake ndiye anayetajwa kuwa mfiadini.

Wakarmeli nao humheshimu wakisema alikuwa mkaa pweke wa Mlima Karmeli. Shirika lao lilipata kanuni yake mwanzoni mwa karne ya 13. Tuishie hapo.

"Alifutwa utakatifu mwaka 1969."

Hapana. Kilichofanyika mwaka huo ni kupunguza kalenda ya jumla ya Kanisa la Roma, na kumbukumbu yake ya tarehe 5 Januari ikaondolewa. Bado yumo katika Martirolojia, orodha rasmi ya watakatifu wa Kanisa, na anayeitwa Telesfori bado ana somo wake.

"Padri hawezi kumbatiza mtoto bila jina la mtakatifu."

Ilikuwa karibu na hivyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 761, zilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aongeze la mtakatifu. Sheria za mwaka 1983, kanuni ya 855, zinasema tu kwamba mtoto asipewe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Babu aliyebatizwa mwaka 1940 alitafutiwa jina kwenye kalenda ya watakatifu, akatoka Telesfori, Pankrasi au Polikarpo. Mjukuu wake anaitwa Baraka au Neema, na paroko hana neno.

"Jina la Kigiriki lazima liwe la kawaida Ugiriki."

Ugiriki mtoto kwa desturi hurithi jina la babu au bibi, hivyo majina machache huzunguka ndani ya ukoo kizazi baada ya kizazi, na hayo machache ni ya watakatifu wakubwa wa Waorthodoksi: Georgi, Dimitri, Nikolai. Askofu wa Roma ya karne ya 2 hakuwa na makanisa ya kutosha huko kumtangaza. Kitenzi chake ndicho kilichobaki: gazeti la Athens likisema mazungumzo yamezaa matunda, huenda likatumia telesforo.

Waliolikuza ni Wafaransa na waliofundishwa nao. Nchini Ufaransa sheria ya mwaka 1803 iliruhusu watoto waandikishwe kwa majina ya kalenda au ya watu wa historia ya kale tu, na Télesphore lilikidhi pande zote mbili. Quebec, ambako kitabu cha ubatizo kilikuwa pia rejista ya serikali, liliwapata wengi katika karne ya 19. Miongoni mwa waliolibeba ni Télesphore-Damien Bouchard, mwanasiasa aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la umeme la Hydro-Québec mwaka 1944. Leo huko lina harufu ya babu. Shirika la Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, lilianzia Ufaransa, na lile la Mapadre Weupe lilianzishwa na Mfaransa. Si ajabu jina likaota mizizi Tanzania, Rwanda na Burundi.

"Halipo kwenye orodha za mtandaoni, basi limekufa."

Orodha hizo nyingi huchukua takwimu za Marekani, ambako jina halichapishwi kama halikupewa angalau watoto watano kwa mwaka huo, au za Uingereza na Wales, ambako kiwango ni watatu. Tanzania haimo. Halafu kuna tahajia: Telesphor, Telesphory, Telesphore, Telesfori, Telesfory. Kompyuta inahesabu majina matano. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti hata jina la baba yao, mmoja kwa "f" na mwingine kwa "ph", kutegemea aliyejaza cheti siku hiyo.