Kasi Haijaibwa, Foleni Ndiyo Imehama

"Fundi, nalipia ishirini na napata kumi na saba. Umenipunja."

Hii ni mara ya tatu mwezi huu naambiwa hivyo. Safari hii ni mama mmoja wa Donholm, Nairobi, ambaye nilimwekea OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta) na kuwasha SQM, sehemu yake ya kusimamia foleni za data, kwa kutumia kanuni ya kupanga foleni iitwayo CAKE. Anauza nguo mtandaoni, anapakia picha na video kutwa. Alikuwa akilia kwamba simu za video zinakwama. Sasa hazikwami, ila amefungua tovuti ya kupima kasi na kuona megabiti 17 kwa sekunde badala ya 20.

Kasi na uchelewaji ni vitu viwili, na kinachoua simu ya video ni uchelewaji. Siku ya kwanza nilichomeka laptopu kwa kebo nikapiga pingi, yaani nikapima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi. Laini ikiwa tupu: milisekunde 7. Nikaanza kupakia faili kubwa: 90, 300, 640. Faili lenyewe lilikuwa likienda kwa megabiti zote 20! Kisanduku cha mtoa huduma kilipokea kila pakiti (kipande kidogo cha data) na kuirundika kwenye bufa yake, yaani ghala la kungojea, ya simu nyuma ya za faili.

Fikiria kioski cha maji. Aliyekuja na mkokoteni wa mitungi ishirini akishika bomba, mwenye mtungi mmoja atasubiri hadi jioni. CAKE humpa kila mmoja zamu ya mtungi mmoja mmoja. Na CoDel, kanuni ambayo CAKE hutumia toleo lake na ambayo Kathleen Nichols na Van Jacobson waliitoa 2012, haijali foleni ina pakiti ngapi. Inauliza pakiti imesubiri muda gani. Kungoja kukibaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kudondosha pakiti.

Lakini CAKE hupanga foleni iliyo mikononi mwake tu. Ukiiwekea 20 kamili, foleni inarudi kwenye kile kisanduku kisichojua kupanga. Ndiyo maana niliweka 18000, na vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayobandikwa kwenye kila moja) vikala kidogo, ikabaki 17. (SQM inahesabu kwa kilobiti. Ukiandika 18, nyumba nzima itakufa.) Kwenye kupakua acha nafasi zaidi, kwa sababu pakiti zimeshavuka laini kabla hujazigusa, unachoweza ni kudondosha chache ili aliyezituma apunguze mwendo.

Kupima: tumia kebo, maana waifai ina foleni yake. Zima offloading ya hadiwea (njia ya mkato ya chipu ya ruta), inapitisha pakiti pembeni ya SQM. Jaza upande wa kupakia peke yake, kisha wa kupakua, SQM ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Fanya saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, si saa nne asubuhi.

Hata hivyo pingi nayo inadanganya. CAKE huipa foleni yake, na kwa kuwa ni nyepesi inatangulizwa. Pingi itapendeza hata pale pakiti za faili zenyewe zinaposubiri zaidi. Kwa hiyo siondoki kwa mteja kabla ya kupiga simu halisi ya video huku faili likipanda.

Kinachonisumbua bado ni laini zisizotulia. Nyumba nyingine nimepima 20 mchana na 14 usiku. Nikiweka 13, mteja anapoteza saba mchana kutwa. Nikiweka 18, jioni SQM haipo. Huwa nachagua namba ya usiku, na sijawahi kuichagua kwa amani.

Kwa yule mama nilirudi Jumamosi. Nikamwambia, "Mama, leo chagua namba wewe." Akachagua 19500. Saa mbili usiku akampigia dadake wa Kisumu kwa video huku picha zikipanda, mimi nikisoma pingi: 9, 31, 85, 140. Uso wa dadake ukaganda mdomo wazi.

"Rudisha ile yako," akasema.

Nikaandika 18000. Pingi: 11, 9, 12.