Oakes Ames: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Oakes Ames, mfanyabiashara na mbunge wa Marekani wa karne ya 19, akitajwa leo, hutajwa kwa kashfa ya Crédit Mobilier tu, kampuni ya ujenzi wa reli ambayo hisa zake ziliwafikia wabunge. Kashfa ilikuwepo, na alihusika. Ila masimulizi yake yamepindapinda.

Husemwa alitajirishwa na reli. La, alitajirishwa na mabeleshi. Alizaliwa mwaka 1804 huko Easton, Massachusetts, akakulia kwenye karakana ya baba yake, na mwaka 1844 akairithi kazi pamoja na mdogo wake Oliver. Wachimba dhahabu wa California walitumia beleshi za Ames. Majeshi ya Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yalichimbia mahandaki kwa beleshi hizohizo. Anaingia Bungeni mwaka 1863, fedha anazo tayari.

Kinachonikera zaidi ni ile kauli kwamba aliwagawia wabunge hisa bure. Hakugawa, aliuza, na hapo ndipo ujanja ulipo. Wakuu wa reli ya Union Pacific walijipa kandarasi ya kuijenga kupitia kampuni yao wenyewe, Crédit Mobilier, huku serikali ikiigharimia reli kwa ardhi na dhamana. Ames aliwauzia wabunge hisa za kampuni hiyo kwa dola 100, bei iliyoandikwa juu ya hisa, ilhali thamani yake ilishapanda mbali. Wengine hawakutoa hata senti: gawio lenyewe liliwalipia deni. Hongo ilikaa kwenye tofauti ya bei. Naye alimwandikia mwenzake Henry McComb kwamba anaziweka hisa pale “zitakapotufaa zaidi”. Gazeti la Sun la New York lilizichapa barua hizo Septemba 1872.

Kwa kuwa zilichapwa wakati Grant ni rais, wengi humbebesha yeye mzigo. Hisa zilitolewa miaka ya 1867 na 1868, enzi za Andrew Johnson, rais aliyemtangulia.

Wala Ames hakufukuzwa Bungeni, wala hakufungwa. Kamati ilitaka afukuzwe, lakini tarehe 27 Februari 1873 Bunge liliishia kumkaripia rasmi, kwa kura 182 dhidi ya 36. Alirudi kwao na kufariki kwa kiharusi tarehe 8 Mei mwaka huohuo. James Garfield, aliyetajwa katika kashfa hiyohiyo, alichaguliwa rais mwaka 1880.

Huko Wyoming kuna piramidi ya mawe yenye kimo cha meta 18 hivi, iliyokamilika mwaka 1882 kwa heshima ya Ames na mdogo wake Oliver. Wakati huo treni zilipita karibu nayo. Baadaye reli ilihamishwa, piramidi ikabaki peke yake nyikani.