Mionzi na uga: si neno moja

Juzi tena nimemsikia mzazi akimpokonya mtoto simu: "Mionzi hiyo itakuunguza ubongo!" Kumpokonya simu, sawa. Neno lenyewe ndilo linaloniudhi.

Simu, ruta na nyaya za umeme zimezungukwa na uga wa sumakuumeme, yaani eneo ambamo nguvu za umeme na sumaku zinafanya kazi. Uga ni neno letu la siku nyingi: uwanja, mahali peupe mbele ya nyumba. Waliolipeleka kwenye fizikia walichagua vizuri, maana linakumbusha kwamba la msingi ni umbali. Ukisogea mbali na chanzo, uga hufifia, tena upesi.

Mwonzi ni mstari wa mwanga, kama ule wa jua unaopenya dirishani. Neno hilohilo tukalibebesha eksirei na nyuklia, na hofu yake ikahamia kwenye simu. Wanafizikia huyaita yote haya mionzi, hata mawimbi ya redio ya simu, ni kweli, ila hawasahau kutofautisha ile inayong'oa elektroni kwenye atomu na ile isiyoweza. Eksirei hung'oa, na kwa njia hiyo inaweza kuharibu DNA. Fotoni, yaani chembe moja ya nishati, ya mawimbi ya simu ina nishati ndogo kuliko ya eksirei kwa zaidi ya mara milioni. Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba hupasha tishu joto kidogo.

Simpuuzi mzazi. Fuvu la mtoto ni jembamba, ubongo wake una maji mengi zaidi, kwa hiyo sehemu fulani hufyonza nishati zaidi ya za mtu mzima. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, "huenda yakasababisha saratani". Hapo ndipo watu huteleza: kundi hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Baadaye utafiti wa MOBI-Kids, katika nchi 14, kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, haukuona kwamba simu huongeza uvimbe wa ubongo.

Basi ukimwonya mwanao, mwambie aweke simu mbali na kichwa, atumie spika, na usiku asilale nayo. Yaite mawimbi ya redio. Mionzi tuiachie chumba cha eksirei, ambako mpiga picha mwenyewe husimama nyuma ya kinga ya madini ya risasi.