Maziwa hayaondoi dawa ya wadudu mwilini

"Ukishapulizia mchicha dawa, kunywa glasi ya maziwa, sumu itakwisha." Ushauri huu umezagaa, nao ni wa hatari. Maziwa huenda tumboni. Dawa humwingia mpulizaji hasa kupitia ngozi, kisha damu. Hayakutani nayo huko. Tena ukiyanywa kabla ya kunawa, unaipeleka dawa mdomoni kwa mkono wako mwenyewe.

Kinga huanzia kwenye bomba la kupulizia dawa. Lijaze maji matupu, piga pampu, kisha tazama mfuniko na maungio ya mpira. Bomba linalovuja hulowesha shati, na shati lililolowa huganda mgongoni likiigandamiza sumu kwenye ngozi hadi umalize kazi. Glovu ziwe za raba. Za kitambaa hunyonya dawa. Miguu ya suruali iwe nje ya gambuti, la sivyo matone huteremkia ndani. Upepo utokee nyuma yako.

Baadaye osha glovu kabla ya kuzivua, oga kwa sabuni, nguo zifue peke yake. Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15. Aliyemeza usimtapishe: mkimbize hospitali pamoja na kopo lenye lebo, maana daktari atataka kujua kiambato.